Namna ya Kuishikilia Injini Nzito kwa Usalama Unapobadilisha Maunti

Swali hili huulizwa gerejini karibu kila wiki, na mara nyingi muulizaji ni kijana ambaye tayari amenunua maunti mpya, vile viegemeo vya mpira na chuma vinavyoishika injini, na ameziweka juu ya boneti: "Fundi, nikiinua injini kwa jeki chini ya sampo, inatosha?" Sampo ni bakuli la oili lililo chini ya injini. Wengine huuliza kama ni lazima kuwa na winchi, na wengine kama mnyororo uliofungwa kwenye tawi la mwarobaini utastahimili. Mwongozo huu unajibu maswali hayo kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, kwa magari tunayokutana nayo zaidi hapa Dodoma: magari madogo kama Toyota IST, na magari ya dizeli kama Land Cruiser yanayorudi kutoka njia za vumbi za vijijini Kondoa, Mpwapwa na Manyoni yakiwa na maunti zilizochanika.

Jambo moja nakuomba ulishike tangu mwanzo. Maunti ndiyo inayobeba uzito wa injini, na unapoifungua, uzito huo hauendi popote. Unahamia tu kwenye kitu kingine. Kabla ya kuitoa bolti yoyote ya maunti, uweze kunyoosha kidole na kusema, "Uzito sasa umekaa hapa." Usipoweza kupaonyesha mahali hapo, usifungue.

Na uzito wenyewe si wa kubahatisha. Injini ya IST ya lita 1.5 pamoja na giaboksi yake inazidi mifuko miwili ya saruji ya kilo 50. Injini ya dizeli ya silinda sita, lita 4.2, iliyomo katika Land Cruiser nyingi, inapita mifuko sita ikiwa na giaboksi. Hakuna mkono wa mtu utakaouzuia mzigo huo ukianza kushuka.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Tafuta jeki ya magurudumu yenye uwezo wa tani mbili au zaidi, isiyovuja. Ijaribu siku moja kabla: inua nayo kona ya gari, weka stendi chini karibu kabisa na chesisi bila kugusana, kisha iache nusu saa. Ikiwa imeshuka hata kidogo, jeki hiyo haifai kwa kazi hii. Jeki ya chupa inaweza kutumika, ila kichwa chake ni chembamba na huteleza upesi, kwa hiyo mimi huitumia pale tu ambapo hakuna nafasi ya kuingiza jeki nyingine.

Utahitaji pia stendi mbili za kuegemezea gari na nyingine moja au mbili za akiba, kabari nne za magurudumu, vipande vya mbao ngumu, mninga au mkongo, vyenye unene wa sentimita 5 hivi, mnyororo wa chuma wa kubebea mizigo, spana na soketi zenye mpini mrefu, mafuta ya kulegeza kutu, brashi ya waya, mtaimbo mdogo, tochi, na spana yenye kipimo cha mkazo, pamoja na kitabu cha gari lako kinachotaja mkazo wa kila bolti. Mbao za paini usizitumie, kwa kuwa hupasuka kwa kufuata nyuzi zake zikikandamizwa mahali pamoja.

Mwisho, tafuta mtu wa pili. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja, kwa sababu anayepampu jeki yuko chini, na mambo yanayopaswa kutazamwa yako juu.

Mahali pa kufanyia kazi

Sakafu ya zege iliyo tambarare ndiyo bora. Wengi wetu hatuna sakafu hiyo. Tunafanya kazi uani, juu ya udongo. Udongo wa Dodoma hudanganya: wakati wa kiangazi huonekana mgumu kama jiwe, lakini chini ya gurudumu dogo la jeki huvunjika na kuwa unga, na baada ya mvua za kuanzia Desemba unazama bila kutoa sauti. Tandika bamba la chuma au mbao pana chini ya kila stendi, na chini ya jeki tandika bamba refu kiasi kwamba magurudumu yake yaweze kusogea kidogo jeki inapopanda. Lami nayo si salama wakati wa jua kali, kwani hulainika na miguu ya stendi ikaizamia.

Kuhusu mti, jibu langu ni hapana. Nimewaona mafundi waliofanya hivyo kwa miaka mingi, na ninawaheshimu kwa kazi zao nyingine, lakini tawi halina kipimo. Huwezi kuona kama limeliwa na wadudu kwa ndani, na upepo wetu wa kati ya Juni na Septemba hulitikisa tawi na kila kilichofungwa juu yake. Injini inayoning'inia juu ya gari linaloegemea stendi, huku tawi likiyumba, ni mizigo miwili inayosukumana.

Kujua injini yako imekaaje

Katika Land Cruiser, Hilux na nyinginezo zenye propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma), injini imelala kwa urefu wa gari. Ina maunti mbili, kushoto na kulia, zilizokaa juu ya chesisi, na nyingine chini ya giaboksi upande wa nyuma. Katika IST na magari mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele, injini imekaa kwa upana. Maunti ya upande mmoja inashika injini, ya upande wa pili inashika giaboksi, na nyingine, moja au mbili, zinazuia injini isijipindue unapokanyaga mafuta. Tofauti hii ndiyo itakayokuonyesha mahali pa kuegemeza: katika aina ya kwanza unainua upande mmoja kidogo huku maunti nyingine zikiendelea kubeba, katika aina ya pili ukiifungua maunti ya upande wa injini, upande huo wote unabaki hewani.

Hatua za kazi

1. Acha injini ipoe kabisa, saa mbili au zaidi kama gari limetoka safari. Vuta hendibreki na uweke kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Kwa gari la otomatiki linalovutwa na magurudumu ya mbele, kumbuka kwamba gia ya P hushika magurudumu ya mbele peke yake. Ukishayainua, P haizuii chochote, na gari linabaki mikononi mwa hendibreki na kabari.

2. Ondoa terminali hasi ya betri. Injini ikisogea, waya mnene wa stata unaweza kugusana na bodi, na feni ya umeme ya baadhi ya magari inaweza kuwaka yenyewe wakati mkono wako uko karibu nayo.

3. Amua kama kweli unahitaji kuinua gari. Ikiwa maunti inafikika kwa juu na jeki inaingia chini bila shida, liache gari juu ya magurudumu yake. Kila stendi usiyoiweka ni kitu kimoja kilichopungua cha kuhofia. Ukilazimika, inua kwa sehemu zilizokusudiwa, weka stendi chini ya chesisi, shusha gari likae, kisha lisukume kwa nguvu kwa bega kabla hujaingiza hata mkono. Likicheza, panga upya.

4. Legeza kila kitu kitakachozuia injini kupanda. Feni ya Land Cruiser imefungwa kwenye injini, lakini kava yake imefungwa kwenye radieta. Injini ikipanda, feni hupanda na kava hubaki, na mapanga ya feni hukata kava au kuitoboa radieta. Fungua kava na uisogeze nyuma. Tazama mipira ya maji, bomba la hewa, waya wa pedali ya mafuta, mirija ya klachi na mahali bomba la moshi linapofungwa. Piga picha kwa simu kabla ya kuondoa chochote.

5. Chagua mahali pa kubebea kwa chini, kisha weka mbao na jeki. Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, kwa hiyo tuende polepole. Sampo ya bati inaweza kubeba ikiwa tu mbao ni pana na inagusa kingo zake, karibu na mstari wa bolti zinazoifunga kwenye bloku (mwili mkuu wa injini), siyo katikati ya tumbo lake. Sampo ya aluminiamu haibonyei. Hupasuka, na ufa wake huenda usiuone mpaka oili ianze kudondoka. Kwa sampo ya namna hiyo, bebea pale giaboksi inapoungana na injini, penye chuma kinene, au chini ya brakiti imara iliyofungwa kwenye bloku. Usibebee kamwe chini ya puli ya krenki (gurudumu la mkanda lililo mwishoni mwa injini), kwa sababu ndani yake kuna mpira. Wala chini ya nati ya kumwagia oili, chujio la oili, bomba la moshi, au sampo ya giaboksi ya otomatiki.

   Niliwahi kupokea gari ambalo maunti zake zilikuwa zimebadilishwa vizuri kabisa mahali pengine, lakini taa ya oili iliwaka kila lilipopanda mlima. Tulipoifungua sampo tulikuta bonyeo la duara, ukubwa wa kichwa cha jeki, na bonyeo hilo lilikuwa limekaribia kuziba mdomo wa chujio la kunyonyea oili. Kipande cha mbao cha ukubwa wa daftari kingeiokoa injini ile.

   Pandisha jeki mpaka mbao iguse, bila kuinua.

6. Weka kishikizi cha pili. Jeki hushikiliwa na mafuta yaliyozuiwa na mpira mdogo, na mpira huo unaweza kuachia wakati wowote. Kwa gari dogo, laza bomba la mraba la milimita 50 kwa 50, lenye ukuta wa milimita 3 au zaidi, kutoka upande mmoja wa nafasi ya injini chini ya boneti hadi mwingine. Ncha zake zikae juu ya vipande vya mbao kwenye ukingo mnene wa ndani, pale madigadi inapofungiwa bolti, siyo juu ya ukingo wa nje uliopakwa rangi, ambao hubonyea kwa uzito mdogo tu. Nondo isitumike badala ya bomba, hupinda. Fungia mnyororo kwenye ndoano za kunyanyulia ambazo kiwanda huziweka juu ya injini nyingi, na kama ndoano moja imepotea, tumia bolti yenye alama 8.8 kichwani, iliyoingia kikamilifu katika tundu lake. Kaza mnyororo mpaka usilegee.

   Bomba hilo si la injini ya dizeli ya silinda sita. Kwa injini hiyo tumia winchi ya gereji yenye miguu, au weka stendi ya pili yenye mbao chini ya bloku, ukiifuatisha jeki kila inapopanda.

7. Legeza bolti za maunti nusu mzunguko tu. Zipake mafuta ya kulegeza kutu saa kadhaa kabla, au jioni ya jana yake. Fanya hivi sasa, wakati maunti bado inabeba, kwa sababu mvuto wa nguvu kwenye mpini mrefu ungeitikisa injini iliyokwisha kukaa juu ya jeki.

8. Inua kwa nusu pampu, na kila baada ya nusu pampu simama. Mtu wa pili atazame juu: feni, mipira, nyaya, na nafasi iliyopo kati ya injini na ukuta wa nyuma. Mkubaliane neno moja la kusimamisha, na likisemwa mkono uache jeki papo hapo, hata kama aliyesema amekosea. Jaribu bolti ya maunti kwa vidole baada ya kila pampu. Kuna wakati itaacha kubana na kuanza kuzunguka kama bolti iliyoshikwa mkononi. Wakati huo uzito umehama. Simama hapo. Ikiwa badala yake bodi ya gari inapanda na stendi zinaanza kuwa nyepesi, unainua gari na siyo injini, maana yake kuna kitu bado kimefungwa.

9. Kaza mnyororo au sogeza stendi ya pili, kisha toa bolti na maunti. Mara nyingi sentimita 1 au 2 za ziada zinatosha kuitoa. Ukilazimika kupita hapo, rudi kwanza kwenye hatua ya 4 na utafute kilichobaki kimefungwa. Vidole visiingie kati ya brakiti na chesisi kwa sababu yoyote. Tumia bisibisi ndefu kuichomoa. Maunti iliyokufa utaitambua mara moja: mpira umeachana na bamba lake, vumbi jekundu limeshindiliwa ndani ya ufa, au kama ni ile yenye maji ndani, kuna ute mweusi uliotiririka pembeni.

10. Linganisha ya zamani na mpya juu ya meza. Tazama kimo, umbali wa matundu, mshale unaoonyesha mbele, na pini ndogo ya kuelekeza ambayo ina tundu lake kwenye brakiti. Safisha sehemu za kukalia kwa brashi ya waya.

11. Ingiza maunti mpya na uanzishe bolti zote kwa mkono, mizunguko kadhaa, kabla ya kushusha. Kama matundu hayalingani, yalinganishe kwa ncha ya mtaimbo au bisibisi. Usipime tundu kwa kidole. Kijana mmoja niliyefanya naye kazi alifanya hivyo mara moja tu, injini ikashuka kiasi cha unene wa sarafu, na ncha ya kidole chake ikabaki ndani ya tundu la brakiti.

12. Shusha polepole mpaka injini ikae juu ya maunti mpya. Kaza kiasi, kisha nenda kwenye maunti inayofuata, ukirudia kuanzia hatua ya 5. Usifungue maunti mbili kwa pamoja ili kuokoa muda, kwani injini itapoteza mahali pake na utaitafuta nusu siku.

13. Zote zikiisha, ondoa bomba na mnyororo, rudisha ulivyovilegeza, hesabu spana zako, kisha rudisha betri. Washa injini kwa dakika moja au mbili ili ijikalishe, zima, na sasa kaza bolti zote kwa mkazo unaotajwa katika kitabu cha gari. Zikague tena baada ya siku chache za kuendesha.

Kuhusu maunti za tairi na za mtumba

Wapo wanaochonga kipande cha tairi na kukishindilia ndani ya maunti iliyochanika. Ikiwa gari limeharibikia mbali na duka la spea, kipande hicho kinaweza kulifikisha mjini, na sitamlaumu aliyefanya hivyo. Hakifai kuachwa. Mpira wa tairi ni mgumu na haukugandishwa kwenye chuma, hivyo injini huendelea kugonga, na mtikisiko wake huhamia kwenye bomba la moshi na brakiti za radieta mpaka zikatike. Maunti ya mtumba nayo itazame kwa kuikunja kwa mkono penye mwanga: mpira wenye nyufa ndogondogo kama udongo wa mbuga uliokauka umekwisha kuzeeka, hata kama bado umeshikamana.

Matatizo yanayotokea na namna ya kuyatatua

Bolti ya mwisho haiingii. Usiipige nyundo. Legeza bolti za maunti nyingine nusu mzunguko, kisha isukume injini mbele au nyuma kwa mtaimbo uliofunikwa kitambaa, huku jeki ikipanda au kushuka kidogo sana. Karibu kila mara tatizo ni kwamba maunti ya kwanza ilikazwa mapema mno.

Jeki inashuka yenyewe katikati ya kazi. Toa mikono na umwambie mwenzako naye atoe. Kaza kwanza mnyororo wa juu, au ingiza stendi yenye mbao chini ya mahali imara, na baada ya hapo ndipo ufunge vizuri vali ya jeki. Ikiendelea kushuka, ibadilishe wakati injini imekaa kwenye kishikizi cha pili. Usimalizie kazi kwa kuipampu kila baada ya dakika.

Gari bado linatetemeka baada ya maunti mpya. Kama linatetemeka likiwa limesimama na hutulia ukiongeza mafuta, chunguza kwanza plagi au nozeli, kwani silinda isiyowaka vizuri haiponywi na maunti. Kama mtetemeko umezidi ule wa zamani, angalia kama bomba la moshi linagusa bodi, na kama maunti uliyouziwa ni ya mpira mtupu ilhali ya asili ilikuwa na maji ndani.

Kuna mlio wa kugonga unaosikika unapoingiza D au R. Mwombe mwenzako akae kwenye usukani, akanyage breki kikamilifu na kubadilisha gia, nawe utazame injini ukiwa umesimama pembeni, kamwe usisimame mbele ya gari. Injini ikiruka sana, maunti ya kuzuia kujipindua ndiyo iliyolegea au iliyosahaulika.

Taa ya oili imewaka baada ya kazi, au unasikia injini ikigonga kwa juu. Zima mara moja. Pima oili, kama ipo ya kutosha, pitisha kiganja chini ya sampo ukitafuta bonyeo au ufa pale jeki ilipokuwa. Ukiupata, gari lisiwashwe tena hata kwa kulisogeza kivulini mpaka sampo ifunguliwe na mdomo wa chujio utazamwe.